Mwanga Uliosubiri Marahaba

Nchi ninayoieleza hapa haipo. Nimeelekezwa niseme hivyo, na mimi ni raia wa kufuata maelekezo. Haipo, lakini ina milima, ina mawaziri hamsini na mmoja, ina wilaya iitwayo Mtamba ambako nilizaliwa, na tangu mwaka juzi ina mkongo wa mwanga.

Mkongo wenyewe ni nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele, zilizofukiwa ardhini kutoka Makao Makuu hadi kwetu, kilomita mia saba. Ndani ya kioo hupita mwanga, na mwanga hubeba ujumbe: barua, sauti za simu, picha. Mhandisi aliyekuja kuufunga alitueleza kwamba uzi mmoja unaweza kupitisha rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, bila rangi moja kuikanyaga nyingine. Akasema picha itatoka Mtamba na kufika Makao Makuu kabla mtu hajapepesa jicho. Tukapiga makofi. Mhandisi alikuwa mgeni, hakujua kwamba anajichongea, maana Mheshimiwa Gongwe, Waziri wa Mwanga na Kasi, alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Kabla hajapepesa jicho?" Mheshimiwa akauliza. "Ujumbe wa mkulima?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wangu je?"

"Vilevile, Mheshimiwa. Mwanga haujui cheo."

Mheshimiwa alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama mtu aliyeoneshwa mtoto asiyefunzwa adabu nyumbani.

Wiki hiyohiyo zikatoka Kanuni za Adabu za Mwanga. Rangi zikahesabiwa zikawa saba. Sita zikatengwa kwa ajili ya salamu na pongezi kwa Mheshimiwa Mkuu pamoja na picha za viongozi wakikata utepe. Iliyobaki, zambarau, ikapewa wananchi wote, na ndani ya zambarau watu wakapangwa kwa madaraja. Wagonjwa waliwekwa daraja la saba, la mwisho. Msije mkafikiri ni ukatili. Kanuni ilieleza sababu kwa upole kabisa: mgonjwa amelala, na mtu aliyelala hana haraka.

Kisha likaja suala la uhakika. Mhandisi alikuwa ameziacha mashine na mazoea ya kuulizana kwanza, "Upo?" na kujibiana, "Nipo," ili ujumbe usipotee njiani. Wizara ilishtuka. Mashine ya wilaya inaiuliza mashine ya Makao Makuu upo? Kama nani? Ikaamriwa mashine ndogo iamkie "Shikamoo" na ingoje "Marahaba." Ikiitikiwa, ijulie hali: habari za kazi, habari za nyumbani, habari za tangu jana. Yote yakijibiwa ndipo iombe ruhusa ya kusema kilichoileta. Isipoitikiwa, ingoje. Mkubwa akichelewa kuitikia, mdogo harudii shikamoo yake kwa kelele.

Nawaambia haya ili muelewe kwamba siku ile hakuna mtu aliyevunja kanuni. Isipokuwa mimi.

Siku ile ilikuwa sherehe ya kutimia miaka miwili ya mkongo. Dada yangu Siwema, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa anawapanga wanafunzi wake uwanjani tangu asubuhi. Juu yao palisimamishwa bango la chuma lenye picha ya Mheshimiwa Mkuu na maneno KASI KWA WOTE. Saa nne kasoro upepo ulivuma, si mkali, na bango likaanguka. Siwema aliwasukuma watoto. Wao hawakuguswa. Yeye lilimpiga kichwani, upande wa kushoto, kwa herufi K.

Alinyanyuka mwenyewe. Alicheka hata. "Jamani, nimepigwa na kasi," akasema, na walimu wenzake wakacheka naye. Baada ya nusu saa akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba yetu.

Hospitali yetu ya wilaya ina mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, zawadi ya marafiki. Daktari Machibya alimpiga Siwema picha, akaitazama, akanivuta pembeni.

"Damu inavujia ndani," akasema. "Inaubana ubongo. Natakiwa kutoboa tundu dogo, hapa juu ya sikio, itoke. Nimeshafanya mara nyingi nilikosomea. Kazi ya dakika ishirini."

"Basi fanya, Daktari."

Akanionesha kabati la chuma ukutani. Halikuwa na tundu la ufunguo. Lilikuwa na vibonye vya namba.

"Vifaa vya kichwa vimo humo. Namba hutoka Makao Makuu, baada ya Bingwa wa Taifa kuiona picha na kuridhia. Kila mgonjwa na namba yake. Chukua picha hii, nenda kituo cha mkongo, usitembee, kimbia. Ikifika saa kumi hajatobolewa, ndugu yangu, mimi sitakuwa na la kufanya."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo. Niliona tuna muda wa kutosha hata wa kunywa chai. Mwanga, kilomita mia saba, mtu hajapepesa jicho! Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda ameushika mkono wa Siwema. Nikamwambia, "Mama, nakwenda na kurudi."

Kituo cha mkongo kilikuwa kimepambwa kwa maua. Afisa Utangulizi, Bwana Kihampa, alinipokea kwa adabu kubwa. Huyu ndiye mwenye kazi ya kuamua nani atangulie. Alinipa kiti, akanipa fomu, akanipa na kalamu.

"Hali ya mhusika," akasoma kwa sauti. "Amesimama, ameketi, au amelala?"

"Amelala. Anakufa, Bwana Kihampa."

"Kwenye fomu 'anakufa' hakuna. Amelala." Akatia alama. "Daraja la saba. Dada Havijawa, mtumie huyu kijana picha yake Makao Makuu."

Dada Havijawa, mwendesha mitambo, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akabonyeza. Kwenye kioo cha mashine likatokea neno SHIKAMOO, herufi za zambarau. Likabaki hapo.

Tukalitazama.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunasubiri marahaba," akasema Dada Havijawa.

"Kwa kawaida huchukua muda gani?"

"Siku za kawaida, kutwa. Leo ni sherehe."

Bwana Kihampa akanielezea kwa fahari kwamba tangu alfajiri wilaya zote tisini zinapeleka pongezi kwa Mheshimiwa Mkuu, kila wilaya picha mia nne, na kila pongezi hupokelewa kwa shukrani, na kila shukrani hushukuriwa. "Hakuna hata moja iliyopotea," akasema. "Huo ndio uhakika."

"Lakini hizo zina rangi zake sita! Zambarau ni yetu."

"Zambarau ni yenu, nani kakataa? Ila mashine ya kule ni moja, na haiwezi kumwitikia mdogo huku inaongea na wakubwa. Wewe ungeweza?"

Nikaomba kupiga simu. Simu zetu hupita kwenye mkongo uleule. Nilipoinua mkono wa simu nikasikia sauti ya mashine ikisema kwa unyenyekevu, "Shikamoo," kisha kimya.

Saa sita ikapita. Nilikwenda hospitali, nikarudi. Siwema hakuniita tena kwa jina lolote. Nikapiga magoti mbele ya Bwana Kihampa, mimi ambaye sijawahi kumpigia mtu magoti, na sitamsamehe kwa hilo.

"Bwana Kihampa, nipitishe. Penyeza picha moja tu katikati ya pongezi mbili. Nani ataijua?"

"Inuka, kijana, unachafua suruali. Nikikupitisha wewe, kesho atakuja mwenye mguu, keshokutwa mwenye jino. Nchi itakwenda wapi?"

"Nchi ina macho kweli ya kuona inakokwenda? Dada yangu ana watoto wawili!"

"Hongera kwake," akasema kwa moyo safi, akatoka kwenda kula pilau ya sherehe.

Alipotoka tu, Dada Havijawa akavua miwani.

"Kaka, we mjinga?" akaniambia. "Mtu akienda msibani anaamkia?"

Sikumwelewa.

"Nakuuliza. Ukiingia kwenye msiba unaanza, shikamoo mama, habari za kazi, habari za tangu jana?"

"Hapana. Unasema poleni, unakaa."

"Basi na mwanga hivyohivyo. Rambirambi ndiyo ujumbe pekee usioamkia. Waliandika wenyewe kwenye Kanuni, kifungu cha kumi na tisa: mfiwa asicheleweshwe kwa salamu. Unapita mbele ya pongezi zote, hata za mawaziri. Fomu inataka jina, ubeti mmoja wa maombolezo, na picha ya kichwa cha mhusika." Akanitazama. "Imeandikwa picha ya kichwa. Haikusemwa nje au ndani."

"Lakini hajafa."

"Mimi sijasema amekufa. Mimi nimekuuliza habari za msiba tu."

Ilikuwa saa saba na nusu. Kutunga mashairi nilijifunza peke yangu, kwa kuhesabu mizani vidoleni nikichunga mbuzi, na hakuna mwalimu hata mmoja Mtamba ninayemwogopa kwa vina. Lakini mkono ulikataa. Nimuombolezee mtu anayepumua? Nilikaa na kalamu mpaka nikalikumbuka neno la Bwana Kihampa mwenyewe. Amelala. Mgonjwa amelala, aliyesinzia amelala, na marehemu naye, watu wakimheshimu, husemwa amelala. Nikaandika uongo usiokuwa na neno moja la uongo:

Siwema dada wa kwetu, leo hii umelala,
Wanafunzi, ndugu zetu, wanalia bila kula,
Usitutoke mwenzetu, ngoja kwanza hata sala,
Mola wetu, Mola wetu, umjazie fadhila.

Dada Havijawa akausoma, akanitazama tena, akapachika picha ya damu ile nyeusi iliyojaa upande wa kushoto wa kichwa cha dada yangu. Akabonyeza.

Mhandisi hakutudanganya. Sikupepesa jicho. IMEPOKELEWA, mashine ikaandika. POLENI SANA.

Nilipiga kelele ya furaha, nikamkumbatia Dada Havijawa mpaka uzi wa miwani ukakatika. Baada ya dakika tatu likaja jibu lenye sahihi ya Bingwa wa Taifa mwenyewe. Nililikariri, nalinukuu lote:

"Nimeipokea picha ya kichwa cha marehemu, ni picha safi sana. Kwa kuitazama, marehemu angetobolewa upande wa kushoto, sentimita nne juu ya sikio, angepona kabisa. Nawapa pole wafiwa. Namba ya marehemu ni 4471."

Namba! Sikusoma neno jingine. Nilikimbia na ile karatasi mkononi, nikapita katikati ya bendi ya sherehe, nikampa Daktari Machibya. Naye alikimbia. Akabonyeza nne, nne, saba, moja. Kabati halikufunguka. Akabonyeza tena, taratibu. Lakini kutoka mwisho wa korido tulisikia mlio mdogo, kama wa friji, kisha kitu kizito kikajisogeza chenyewe.

Tulikwenda kutazama. Kilikuwa chumba cha maiti. Droo ya tatu ilikuwa imejifungua, safi, ubaridi ukitoka kama moshi.

Daktari aliisoma ile karatasi mara ya pili. "Angepona," akasema. "Kasema angepona. Ananiambia na sentimita." Kisha akasema neno ambalo daktari hapaswi kulisema wodini, akaenda akachukua nondo kwenye jengo la wazazi lisiloisha. Tulilipiga lile kabati pamoja, yeye na mimi, kwa zamu, mpaka viganja vyake vikatoka damu. Lilikuwa chuma kizuri. Vibonye vilivunjika vyote, mlango haukubonyea. Mama alitoka wodini akatukuta.

"Mnajenga nini?" akauliza.

Ilikuwa saa tisa kasoro.

Nilirudi kituoni. Bwana Kihampa alikuwa amerudi kutoka kwenye pilau na jalada lilikuwa limeshafunguliwa juu ya meza, lenye jina langu.

"Nimepita hospitali kutoa pole," akasema kwa huzuni ya kweli. "Nimemkuta marehemu anapumua. Kijana, umenivunja moyo. Unajua umefanya nini? Umeupitisha uongo kwenye mkongo. Tangu uzinduliwe haujawahi kubeba taarifa isiyo ya kweli."

"Nifunge. Ila kwanza waambie yu hai, watoe namba ya kabati."

"Hilo ni kanusho. Kanusho linaruhusiwa, mpaka saa kumi ofisi inapofungwa. Lisipofika, kesho unapelekwa mahakamani kwa kumtangulia marehemu."

"Litapita haraka?"

"Kanusho si msiba," akasema. "Lazima liamkie."

Dada Havijawa alibonyeza bila kuambiwa. SHIKAMOO. Herufi za zambarau. Nikakaa kwenye kile kiti. Nilisoma lile neno mpaka likaacha kuwa neno, likawa alama tu, kama nyayo za kuku. Nikaanza kuliamkia mimi mwenyewe. Shikamoo, nikaiambia mashine. Shikamoo mwanga. Shikamoo kioo. Nikapiga kelele: shikamoo, wewe uliye kule kilomita mia saba, umeziba masikio na nini? Bwana Kihampa akaniomba nipunguze sauti, viongozi walikuwa karibu kupiga picha nje.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, mashine ikalia. MARAHABA.

"Haya, haya!" Dada Havijawa akaruka. "Habari za kazi: nzuri. Habari za nyumbani: nzuri." Alikuwa anaandika kabla ya kuulizwa. "Habari za tangu jana: nzuri. Njoo, njoo basi, mama yangu." Kioo kikaandika: JE, KILICHOKULETA NI NINI? Akaanza kuandika jina la Siwema. Alifika kwenye w.

Daktari Machibya alikuwa mlangoni. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji. Hakuingia. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akavua koti lake jeupe akalikunja vizuri, mara mbili, kama kitu cha kumrudishia mwenyewe.

Dada Havijawa akaacha kuandika.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Bwana Kihampa. Alitazama saa, akaandika muda kwenye jalada, kisha uso wake ukafunguka. Akanishika bega kwa mikono miwili.

"Pole sana, kijana. Lakini na hongera, maana kosa limefutika. Ujumbe wako sasa ni wa kweli."

Akalifunga jalada.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Mheshimiwa Gongwe alikuja mwenyewe kwa ndege, na magari kumi na manne yakamtoa uwanjani. Alisimama mbele ya kaburi akatazama umati, na nataka nimtendee haki: machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ndugu wafiwa," akasema. "Mataifa makubwa yana mikongo. Mikongo yao hubeba habari ya kifo baada ya kifo, dakika moja, dakika mbili. Sisi, nchi changa, tunaodharauliwa, jana habari ya kifo cha mwalimu wetu ilifika Makao Makuu saa mbili nzima kabla hajafa! Saa mbili nzima! Na haikukosewa hata herufi! Nani ana kasi hiyo? Nani ana uhakika huo? Mwalimu Siwema hakufa bure, ametupa rekodi."

Watu wa wizara wakapiga makofi. Watu wa Mtamba wakatazama chini.

"Na ule ubeti," Mheshimiwa akaendelea, "Mheshimiwa Mkuu ameusikia, ameupenda. Mtunzi yuko wapi? Asogee atusomee."

Mikono ilinisukuma. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni kwangu. Nilikuwa nimepanga kuwatukana wote, mmoja mmoja kwa cheo chake, na kwa vina. Nilifungua mdomo na matusi hayakuja. Ulikuja ubeti. Nikausoma mstari wa kwanza na wa pili. Nilipofika "usitutoke mwenzetu, ngoja kwanza" sauti ikakatika, nikasimama pale nikiwa sina mizani wala pumzi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Alinivuta suruali, kama anavyofanya akitaka kuninong'oneza, nikainama.

"Mwanangu," akaniuliza, "hayo maneno uliyaandika saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, mama."

Nilimwona akihesabu kwa vidole, kama ninavyohesabu mimi.

"Saa saba na nusu alikuwa amenishika kidole," akasema.